Si dua, mwanangu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Picha uliyonitumia juzi usiku nimeipata. Umeniuliza, "Shangazi, hii dua gani? Nimeikuta kwenye mkoba wa marehemu mama, imefungwa ndani ya kanga. Nataka niitie fremu." Nilicheka mpaka wajukuu wakatoka chumbani kuja kunitazama. Kisha nikakaa kitako pale pale ukumbini, nikalia.

Si dua. Ni baba yako anaomba karafuu.

Nakujibu hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako. Humu Pemba nyumba nyingi zina karatasi za namna hii, zimekaa kwenye makasha na mikoba. Vijana wakiona herufi za Kiarabu wanadhani ni hirizi au kombe, wengine wanazichoma kwa heshima. Jamani, msichome kabla hamjampelekea mzee azisome. Herufi ni za Kiarabu, lugha ni Kiswahili chetu hiki hiki. Bibi yako alisoma chuoni tu, kwenye Kurani, skuli hakwenda. Baba yako, aliyekwenda skuli na kuandika kizungu kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, alipomwandikia mama yake alimwandikia kwa herufi alizozijua mama yake, asije akatafuta mtu wa kumsomea.

Basi inasema hivi. Nimeandika ninayoyaona:

"Kwa mama yangu mpenzi. Baada ya salamu, mimi mzima, wasiwasi wangu ni nyinyi. Huku baridi na mvua, magari yanazama mpaka tumboni. Chakula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi usiku. Watu wa huku wanakula panzi, wanawaita senene, nami nimeonja, mama usinikasirikie. Vita Mungu akipenda haitakuwa ndefu. Jino linanisumbua, nipelekee karafuu kidogo, huku hakuna anayezijua. Mwambie mke wangu asinyanyue ndoo."

Ndoo hiyo ni kwa sababu yako wewe. Ulikuwa tumboni.

Baba yako alikuja likizo Idd el Fitri ya Septemba 1978. Akarudi bara kikosini, na mwisho wa Oktoba Idi Amin akavuka mpaka na kuichukua ardhi yote hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nakumbuka baraza yetu ilivyojaa watu mwanzoni mwa Novemba, redio ya betri juu ya kiti, Mwalimu akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Watu walipiga makofi. Bibi yako hakupiga. Aliuliza tu, "Na dereva wa lori naye anapelekwa mbele?"

Maana baba yako alikuwa dereva. Siku hizi kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, watu wanamwita shujaa, na sikatai, lakini neno hilo limemmeza. Nimesikia hata mjomba wako anawahadithia watoto kwamba tangu utotoni alikuwa haogopi kitu. Uongo mtupu. Baba yako alikuwa muoga wa ng'ombe. Tulikwenda Chwale kwenye mchezo wa ng'ombe, vijana wenzake wanaingia uwanjani na mashuka yao kumchokoza fahali, yeye yuko juu ya mwembe tokea ngoma haijaanza. Nikamwita ashuke, akaniambia huko juu anaona vizuri zaidi.

Lakini mtini hakuwa na mfano. Mkarafuu unautazama unauona mnene, kumbe tawi lake halina subira, ukilielemea linakatika, na mtu na tawi wanakuja chini pamoja. Yeye alilifunga kamba tawi la juu, akalivuta taratibu mpaka likamjia mkononi, akachuma, akaliachia lirudi lenyewe. Bibi yako alikuwa akisema mwanawe hajapata kumvunjia tawi hata moja. Jioni tukikaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu huku makonyo kule, ya kwake yalikuwa hayana majani. Ukitaka kumjua baba yako, mtazame mtu anayechuma hivyo.

Jeshini aliingia kwa kutafuta kazi, tusidanganyane. Bibi yako hakuridhika hata siku moja. Jeshi likampa udereva, akaupenda kuliko kitu chochote, na kila likizo alikuwa na hadithi moja: atanunua lori la abiria, lile la mabenchi ya mbao, afanye safari za Wete na Chake. Rangi alikuwa kesha kuichagua.

Barua aliileta mwenzake aliyerudishwa mgonjwa, Januari 1979. Karafuu bibi yako alizifunga kwenye kitambaa, na kama zilimfika au hazikumfika, Mungu ndiye ajuaye. Kuhusu wale panzi, alikwenda kumuuliza sheikh kwa siri. Alipoambiwa panzi ni halali hata bila ya kuchinjwa, akarudi na uso mkunjufu kama aliyeletewa zawadi.

Kifo chake nitakupa kama nilivyopewa, na nilichopewa ni kidogo. Ni Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, penye kinamasi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 majeshi ya Libya aliyoletewa Amin na Gaddafi yaliwamiminia watu wetu makombora, wakatawanyika, na kesho yake wakarudi wakapachukua. Baba yako alikuwa kwenye ule usiku, hakuwahi ile kesho. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka, tukashangilia na sisi barazani, hatuna habari.

Wewe ulizaliwa mwanzo wa Juni. Habari ikaja Julai, wewe umeshatolewa nje. Watu walibishana msikitini kama shahidi wa vita anasaliwa au hasaliwi, mwisho akasaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, baada ya Ijumaa. Ila ninalotaka ulijue ni la mama yako. Alipotaka kukaa eda, sheikh alimwambia hana eda: mjane mwenye mimba eda yake inakwisha anapojifungua, na yeye alishajifungua. Kwa sheria alikuwa huru kabla hajajua kama ni mjane. Mama yako akamsikiliza mpaka mwisho, kichwa chini, wewe unanyonya. Akasema, "Hiyo ya sheria imekwisha, sheikh. Hii ni yangu." Akavaa nguo nyeupe akakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajaruka hata siku moja.

Sasa nije kwenye mstari wa mwisho, ambao sikukuandikia pale juu. Unasema: "Nguo hizi zimejaa matope, Inshallah nikirudi nita..."

Herufi za Kiarabu hazina v. Wengine waliandika f, yenye nukta moja, wakaiongezea nukta zikawa tatu, wengine hawakujali, msomaji atajua mwenyewe. Basi bibi yako alisoma "nitazivua". Yaani mwanawe amechoka na jeshi, akirudi anavua magwanda, anakuja kuendesha lori lake. Mama yako alisoma "nitazifua". Nguo chafu, mtu atafua, kuna nini hapo? Alisema mumewe hakuwa mtu wa kwenda mahali mguu mmoja ndani mmoja nje. Walibishana miaka, mwanangu. Msimu wa karafuu wamekaa jamvi moja wanachambua, kimya, ghafla mmoja anasema "vua", mwenziwe anajibu "fua" bila ya kuinua kichwa. Bibi yako alipofariki, mama yako akaichukua barua akaiweka, nami sikuiona tena mpaka juzi kwenye simu.

Matope yanampa nguvu mama yako, nakiri. Lakini ndugu yangu yule nilimfulia mimi nguo zake tangu nina miaka minane.

Nimeikuza picha mpaka macho yameuma. Neno "vita" kalitia nukta tatu. "Mvua" katia moja, mvivu yule. Kwa hiyo ikiwa moja hatutajua, lakini zikiwa tatu, bibi yako kashinda. Na mkunjo wa karatasi umepita juu ya neno lenyewe, kuna kivuli.

Ipige tena. Ipige mchana, karibu na dirisha, usiwashe taa ya simu. Na usithubutu kuinyoosha kwa pasi.

Shangazi yako,
Wete