Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeacha dawa siku ya tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Uliponiambia juzi kwamba umeacha antibiotiki, dawa za kuua bakteria, ulizoandikiwa ukiwa mjamzito kwa ajili ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu mkojo hauchomi tena, na kwamba vidonge vilivyobaki umevitia kwenye droo, nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kukutisha. Nakuandikia sasa, tena hadharani, kwa sababu naamini si wewe peke yako mwenye droo ya namna hiyo.

Maumivu kuisha si sawa na bakteria kuisha. Wapo wajawazito, kati ya 2 na 10 katika kila 100, ambao mkojo wao una bakteria wengi ilhali hawasikii chochote, na ndiyo maana mkojo hupimwa kliniki hata kwa asiyelalamika. Mwanamke asiye na mimba akiwa na hali hiyo kwa kawaida haandikiwi dawa, lakini wewe unaandikiwa, kwa sababu homoni za ujauzito hulegeza mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, na mji wa mimba unapokua huibana, hasa ule wa kulia. Mkojo ukituama, bakteria hupata njia ya kupanda hadi kwenye figo.

Mimi walinipanda. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, nami pia nilikuwa nimekatiza dozi. Usiku mmoja nilitetemeka kwa baridi hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta, huku upande wa kulia wa mgongo, chini kidogo ya mbavu, ukiuma nisiweze kujigeuza, na kila funda la maji nililomeza nikilitapika. Nililazwa siku nne nikichomwa dawa kwenye mshipa, na muda wote huo nilichokiogopa zaidi ni uchungu kuanza kabla ya wakati, jambo ambalo maambukizi ya figo yanaweza kulisababisha.

Najua unachohofia ni mtoto, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini dawa za wajawazito huchaguliwa kwa kuangalia umri wa mimba. Sefaleksini imetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Nitrofurantoini hutumika pia, ila huepukwa mimba inapokaribia kutimia kwa kuwa inaweza kuharibu chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga. Trimethoprimu huepukwa miezi 3 ya mwanzo kwa sababu huzuia kazi ya foliki asidi. Doksisaiklini huweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto. Kwa hiyo usimeze kidonge cha jirani, wala usimpe jirani chako, hata kama ugonjwa unaitwa kwa jina lile lile.

Kuhusu siku, Shirika la Afya Duniani linapendekeza siku 7 za antibiotiki kwa mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo hata kama hana dalili. (Ipo dawa ya dozi moja, fosfomisini, lakini hiyo siyo uliyopewa wewe.)

Rudi kliniki kesho asubuhi, useme wazi ulimeza siku ngapi, na usianze tena vidonge hivyo kwa kukisia. Omba mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaweza. Unapotoa mkojo huo, jisafishe kwanza, acha mkojo wa mwanzo upite, kisha kinga ule wa katikati bila kugusa ndani ya kikopo. Ukishamaliza dozi, upimwe tena. Na ikitokea kwamba bakteria ni streptokoka wa kundi B, hakikisha imeandikwa kwenye kadi yako, kwa sababu utahitaji antibiotiki nyingine wakati wa kujifungua.

Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo usiku huu, usingoje kupambazuke. Nipigie, twende hospitali pamoja.

Dada yako akupendaye