Ndugu zangu wa ghalani, kura ya chama nendeni mkapige

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Juzijuzi mlichapa barua ya ndugu mmoja aliyetushauri sisi tulioko Marekani tupige kazi, tutume hela nyumbani, na haya mambo ya vyama vya wafanyakazi vya huku tuwaachie wenyewe maana hayatuhusu. Niliisoma kwenye simu nikiwa mapumziko, saa tisa usiku, nimekaa juu ya kreti, nikacheka peke yangu kama chizi, kwa sababu ukutani mbele yangu limebandikwa tangazo kwamba sisi wote wa hili ghala tutapiga kura kusema tunataka chama kituwakilishe au hatutaki. Sasa hayatuhusu vipi?

Mimi ni Mtanzania, niko Louisville, Kentucky, huu mwaka wa sita napakia maboksi. Kampuni siitaji, nataka niendelee kula. Shifti yetu ya usiku Kiswahili ndo lugha ya kwanza halafu Kingereza kinafuata, Wakongomani ndo wengi na wengi wao wametokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Warundi wapo, Wakenya wawili watatu, Wabongo tuko wanne. Na kilichonifanya niandike sio kwamba watu wanabishana ndiyo au hapana, wangekuwa wanabishana nisingeandika. Watu wanasema "mimi siendi". Wanaona kutokwenda ndo usalama.

Hapo ndo pana shida, na sidhani kama wengi wanajua hesabu yake inavyokwenda. Kule kwetu Bongo kwa sheria ya ajira ya 2004 kwa kawaida hakuna sanduku la kura, unajaza fomu ya kukubali kukatwa ada ya chama, ile TUF 6, na chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo lile mwajiri anatakiwa akitambue. Kwahiyo nyumbani asiyejaza ni kama amekataa. Huku ni tofauti kabisa. Huku asilimia 30 ya wafanyakazi wakisaini kadi za kusema wanataka chama, bodi ya serikali inayosimamia haya mambo, NLRB, inaweza kuitisha kura, na siku ya kura kinachohesabiwa ni karatasi zilizoingia kwenye boksi basi. Uliyebaki kitandani hauhesabiwi popote, sio ndiyo sio hapana, ni kama hujaajiriwa.

Mfano uko wazi. Mwaka 2022 ghala la Amazon la Staten Island kule New York walipiga kura. Wenye haki ya kupiga walikuwa kama 8,325. Ndiyo zikatoka 2,654, hapana 2,131, chama kikashinda. Chukua kalamu upige mwenyewe, walioamua, yani waliosema ndiyo, ni chini ya mtu mmoja katika kila watatu, na zaidi ya watu 3,400 hawakuonekana kabisa. Hapa jirani zetu Tennessee, kiwanda cha Volkswagen cha Chattanooga, kura ya 2019 ilikuwa hapana 833 na ndiyo 776. Tofauti watu 57, hao ni abiria wa basi moja la mkoani. Wamekaa miaka mitano na jibu la basi moja mpaka walivyorudia 2024 wakapata ndiyo 2,628 kwa hapana 985. Sasa kwenye ghala letu sisi waongea Kiswahili tunajaza hilo basi na wengine wanabaki wamesimama.

Halafu kuna hili neno lenyewe, chama. Waandaaji wa chama walituletea makaratasi wakamtafuta mtu atafsiri, akaandika "saini kadi ya chama". Jamani! Kuna mzee wetu mmoja wa Fizi, kule Kongo, kakaa Nyarugusu zaidi ya miaka ishirini, alivyosoma ile akaikunja akanirudishia, akasema kijana, mambo ya vyama ndo yalinitoa kwetu, leo unaniletea kadi. Nikahangaika kumweleza mpaka Mkongo mwenzie akapita akamwambia "ni sendika, mzee", ndo wanavyoita wao chama cha wafanyakazi, ndo sura ikalegea kidogo. Neno moja tu. Kwahiyo nyie mnaotafsiri, mkumbuke kwamba kwa mtu wa kwetu chama na kadi ni siasa, ni bendera na fulana, na wengine ni kukimbia usiku.

Mimi mwenyewe nilikuwa na yangu kuhusu hilo neno chama. Baba alikuwa fundi wa reli Tabora, na maishani mwake chama cha wafanyakazi kilikuwa NUTA, baadae JUWATA. Vijana hawajui, lakini 1964 vyama vyote vilivunjwa vikafanywa kimoja, hiyo NUTA, katibu mkuu anateuliwa na Rais, na wa kwanza kabisa alikuwa Kamaliza aliyekuwa waziri wa kazi hukohuko. Yani anayekutetea kwa serikali ni waziri wa serikali. Mzee alikuwa anasema hela ya NUTA inakatwa hata kabla mshahara haujanisalimia, na sijawahi kuulizwa. Hilo "sijawahi kuulizwa" ndo nimelikumbuka nilivyoona lile tangazo ukutani. Mimi naulizwa. Sijui mzee angesema nini, alishatangulia, ila nadhani angeenda kupiga hata kama ni ya kukataa, kwa hasira tu za kutokuulizwa.

Kampuni nayo haijalala. Tumeitwa mitingi nne mpaka sasa, ndani ya saa za kazi, tunalipwa tukiwa tumekaa, kaja mtu kakodiwa kutoka jimbo jingine, suti safi, anatuita familia. Sio kwamba kila anachosema ni uongo, niseme ukweli. Kasema mkishinda hamna uhakika wa kuongezwa hata senti, na ni kweli, sheria inalazimisha pande mbili zikae zizungumze kwa nia njema, hailazimishi zikubaliane. Hao wa Staten Island wameshinda lakini miaka imepita bila mkataba. Kasema mkigoma kudai mshahara kampuni inaweza kuajiri wengine kwenye nafasi zenu, hiyo nayo ipo kwenye sheria za huku na mimi naiona mbaya sana. Ila anachoruka ni kwamba hakuna anayeamka asubuhi akawagomesha, kwa kawaida mgomo unapigiwa kura na wanachama. Na kwenye michango kaongea dakika ishirini nzima, mtakatwa mtakatwa, bila kusema kwamba Kentucky tangu 2017 ina sheria ya jimbo ambayo mfanyakazi halazimishwi kulipa chama hata kama kimeshinda. Na vyama vingi havianzi kukata mpaka mkataba uwe umepigiwa kura ukakubaliwa. Hiyo angesema ingemchukua dakika moja tu.

Lakini kinachowatisha watu wetu zaidi ni karatasi za uhamiaji. Kuna stori inazunguka wasap kwamba ukipiga kura grin kadi yako inaangaliwa. Aliyeianzisha simjui na sitaki kumsingizia mtu. Ndugu zangu, hii sio kura ya rais, haitaki uwe raia. Ukiwa mfanyakazi wa kundi linalopiga kura, jina lako liko kwenye orodha, unapiga, mwenye pasipoti ya Marekani na aliyefika na shirika la wakimbizi mwaka juzi ni sawasawa. Karatasi ya kura haina jina lako. Mtu wa bodi ya serikali anakuwepo, supavaiza haruhusiwi kusogea pale wala yeye hapigi. Na kampuni hairuhusiwi kukutishia, kukuhoji utapiga nini, wala kukuahidi zawadi. Najua kuruhusiwa na kufanya ni vitu viwili, mimi sio mtoto, ila kujua kwamba ni kosa kunasaidia mtu asiinamishe kichwa.

Mniruhusu niseme kwanini mimi naenda kuweka ndiyo. Sio hela. Mwaka jana mama mmoja Mrundi tunafanya nae laini moja aliitwa ofisini, akakuta karatasi ya onyo imeshaandikwa, ya Kingereza, wamemuonyesha pa kusaini. Kasaini. Alidhani ni mambo ya ovataimu. Ya pili ivoivo. Ya tatu alikuwa nje, watoto wanne. Nilivyoyasoma baadae yale makaratasi, moja lilikuwa linasema alikataa maelekezo ya usalama, na huyo mama maelekezo hakuyaelewa, kukataa atakataaje? Penye chama, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1975, ukiitwa ofisini kuhojiwa kwa jambo linaloweza kukuletea adhabu una haki ya kusema subiri, namtaka mwakilishi wangu akae hapa. Inabidi uiombe mwenyewe, hawakukumbushi. Angekuwepo mtu mmoja pale ndani wa kumwambia dada usisaini kwanza, hata kama asingeshinda angalau angejua anasaini nini.

Wapo wanaoona tofauti na nawaheshimu. Kuna Mkenya wetu mmoja anaweka hapana, alishafanya sehemu yenye chama kule Ohio na anasema mwakilishi wao alikuwa anatetea marafiki zake tu. Inawezekana kabisa. Nimemwambia njoo uweke hiyo hapana yako, akanambia atakuja, na kati ya watu wote wa shifti yule ndo namuelewa zaidi kuliko hawa wa "siendi" ambao moyoni wako upande wangu. Kwa sababu ikishapigwa imepigwa, miezi 12 hakuna nyingine, na huyo mtu wa suti atakuwa ameshapanda ndege zamani.

Mhariri, nawaomba mkiweza muitoe kabla ya wiki ijayo, maana gazeti lenu huku linapigwa picha na kurushwa kwenye magrupu kuliko mnavyodhani. Kura ni Alhamisi, kwenye kantini, asubuhi na usiku ili shifti zote zipate. Yule mzee wa Fizi jana kaniuliza kwenye karatasi kutakuwa na picha ya nani, kazoea kura za kwetu zina sura za wagombea. Nikamwambia hakuna picha mzee, kuna viboksi viwili tu. Akauliza maandishi madogo? Nikamwambia ya kawaida. Akasema basi atakuja na miwani.

Msomaji wenu,
Shifti ya usiku, Louisville, Kentucky