Anayenunua kwa sado naye auziwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema bei ya mahindi iachiwe soko, basi. Nanunua na kuuza mahindi hapa Kibaigwa, huu mwaka wa 19, na nusu ya hoja yao naikubali. Nilikuwepo 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje. Wakulima walikaa na magunia yao hadi dumuzi wakaanza kuyatoboa. Mtu aliyelima kwa mbolea ya mkopo habebeshwi peke yake mzigo wa kulisha nchi kwa bei ya hasara. Mpaka wa nchi uwe wazi.

Lakini njooni hapa alfajiri mwezi wa kwanza, vihenge vijijini vikiwa vitupu na mahindi mapya bado machanga. Chini ya malori mtakuta wanawake wenye fagio na ungo. Wanazoa punje zilizomwagika, wanapepeta mchanga, wanaondoka na nusu sado, yaani nusu ya kile kindoo kidogo cha kupimia nafaka. Mapema 2023, bei ilipopaa, walikuwa wengi, na baadhi yao nawajua: ndio walioniuzia mimi mwenyewe mwezi wa saba, kwa bei ya mavuno, ili walipe madeni. Mmoja ni rika la mama yangu. Nilipomwamkia aliitikia huku akiuficha ungo nyuma ya khanga. Sijaisahau ile marahaba yake.

Mama yule njaa anayo, ila soko linasikia mwenye hela tu. Hapo ndipo wajibu wetu unapoanza.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula upo, na mahindi ya bei nafuu huletwa. Kwa hilo nashukuru. Ila kituo kimoja nilichofika mimi waliuza kwa gunia zima, fedha taslimu. Anayenunua kwa sado atalipatia wapi gunia? Walioyabeba ni wafanyabiashara wenzangu, na wiki hiyohiyo nikayaona yakipimwa sokoni kwa bei yetu ileile.

Yauzwe kwa kilo, kulekule kijijini. Orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inajulikana hadi kijijini, hakuna haja ya kuunda kamati nyingine. Na ushuru wa mazao tunaoulipa, sehemu yake igharimie malori ya kuyafikisha. Mimi kwa hilo nitalipa bila kunung'unika. Tunaomba mipango ikamilike kabla ya Desemba, maana mvua zikikolea barabara za huku ndani hazipitiki.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Kibaigwa, Dodoma