Bei tano, majengo matano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu stoo mpya ya manispaa yetu kabla kamati ya zabuni haijakaa na kumtaja mkandarasi. Nilikuwapo siku bahasha za wakandarasi watano walioomba kazi hiyo zilipofunguliwa. Bei zote tano zilisomwa kwa sauti mbele ya watu na kila aliyetaka kuandika aliandika. Hilo lilikwenda vizuri, na walioliandaa wanastahili shukrani. Lakini tulipotoka nje mazungumzo yalikuwa ya aina moja: huyu wa chini kabisa hafiki hata nusu ya yule wa juu, basi apewe, kazi ianze. Usiku ule sikupata usingizi.

Nimekuwa mtunza stoo kwa miaka 26. Kati ya hiyo, miaka 18 niliitumia ndani ya jengo moja, lililojengwa na mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya chini kuliko wenzake. Ofisi iliyoniajiri siitaji, wala mkandarasi yule, kwa sababu sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Ninachotaka ni kueleza yanayotokea baada ya utepe kukatwa na wageni kuondoka, akabaki mtu mmoja mwenye funguo.

Nianze na mlango. Ulikuwa na upana wa mita 2.5, na mbele yake, hatua chache tu, kulikuwa na ukuta wa uzio. Mabomba ya maji tuliyopokea mara nyingi yalikuwa ya mita 6. Ukilibeba bomba la mita 6 kuliingiza mlangoni, ncha ya nyuma inagonga uzio kabla ya ncha ya mbele haijavuka kizingiti. Tukawa tunang'oa nondo za dirisha la pembeni na kuyapitisha humo, bomba moja moja, watu wanne nje na wanne ndani, kisha tunazirudisha nondo. Kila mzigo ulipofika! Nondo za mita 12 hatukuthubutu hata kuzijaribu. Zililala nje chini ya turubai, na kila nilipofanya ukaguzi wa mali nilikuta kutu imezidi.

Sakafu nayo ilikuwa sawasawa na ardhi ya nje. Hapakuwa na ngazi wala mteremko wa kuyafukuza maji. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha nilifungua asubuhi nikakuta sakafu inang'aa. Maji hayakuwa mengi, pengine kimo cha kidole, na kufikia saa nne yalikuwa yameshakauka, nikajipa moyo. Wiki chache baadaye nilikwenda kutoa saruji. Mifuko ya juu ilikuwa laini. Nilipofika safu ya chini nilibonyeza mfuko kwa ngumi, ngumi ikarudi. Nikagonga, ukalia kama jiwe. Niliipasua mmoja mmoja nikitumaini kwamba ungepatikana hata mmoja uliopona, lakini saruji yote ilikuwa imechukua umbo la mfuko, hata mikunjo ya karatasi imejichora juu yake. Niliijaza leja yangu kwa wino mwekundu siku ile, nami ndiye niliyeandikiwa barua ya kujieleza.

Kisha likaja la bati. Kulikuwa na kiangazi, wala wingu halikuonekana, lakini masanduku ya mita za maji yaliyokuwa rafu ya juu yalikutwa yameloa. Nikaita fundi. Akapanda, akakagua bati zima, hakuona tundu hata moja. Mhandisi mmoja aliyekuja kwa shughuli nyingine ndiye aliyenifumbua macho: hewa ya ndani ina joto na unyevu, usiku bati linapoa upesi, hewa ile ikiligusa inageuka matone, na matone yanadondoka. Akaniuliza matundu ya hewa yako wapi. Hayakuwapo. Si chini ya kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, si juu kwenye mgongo wa paa. Stoo nzima ilikuwa imezibwa kama sanduku.

Na sakafu ikapasuka. Ilipasuka palepale pa saruji, ufa ukaanza ukutani ukaja hadi katikati ya njia. Watu walidhani nimepanga vibaya, kwa hiyo nilikaa nikapiga hesabu, na hesabu hiyo naiweka hapa kwa sababu kila mjumbe wa kamati anaweza kuirudia mwenyewe. Mfuko wa kilo 50 ukilala unachukua eneo lisilofika theluthi moja ya mita ya mraba. Ukipanga mifuko 10 kwenda juu, ambacho ni kimo cha kawaida kabisa, una kilo 500 juu ya eneo hilo dogo. Maana yake kila mita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 1,500. Kanuni za usanifu za Ulaya, zile ziitwazo Eurocode, zinashauri sehemu ya kuhifadhia mizigo ihesabiwe uzito usiopungua takriban kilo 750 kwa mita ya mraba, wakati ofisi huhesabiwa kilo 200 hadi 300. Kwa hiyo rundo langu la saruji lilikuwa limepita mara mbili ya kiwango hicho cha chini cha ghala, na mara tano au zaidi ya ofisi. Sakafu ile ilikuwa imemwagwa kama ya ofisi, juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mkandarasi. Nilimlaumu mbele ya watu, na kwa hilo najuta, maana siku moja nilipata kuusoma mkataba wake. Kurasa za masharti ya malipo zilikuwa nyingi. Jengo lenyewe lilikuwa na mistari michache: stoo, kuta za tofali, paa la bati, sakafu ya zege, mlango wa chuma. Basi. Hakuna aliyeandika sakafu iwe na unene gani wala ibebe uzito gani, mlango uwe na upana gani, jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, liinuke kiasi gani kutoka ardhini, hewa ipite wapi. Yule bwana alijenga stoo yenye kuta za tofali, paa la bati, sakafu ya zege na mlango wa chuma. Alifanya alichoandikiwa, kwa namna iliyomgharimu kidogo kuliko zote. Na waliotoa bei za juu huenda walikuwa wamehesabu vitu ambavyo hakuna aliyewaagiza, kwa sababu wao walijua stoo ni kitu gani. Wakashindwa kwa kujua.

Hapo ndipo ninapoogopa sasa. Kabrasha la zabuni ya stoo yetu lilikuwa wazi kwa yeyote, nami nilichukua nakala nikaisoma mara tatu. Kwenye sakafu limeandikwa "zege la kiwango kinachofaa". Kinachofaa kwa nani? Mzabuni mmoja ataweka sentimita 10 bila wavu wa nondo. Mwingine ataweka 20, na wavu, na karatasi ya nailoni chini yake kuzuia unyevu, na kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Wote wawili wamejibu swali lilelile. Kwenye paa hakuna neno kuhusu hewa. Kwenye mlango hakuna kipimo, kuna idadi tu. Kwa hiyo zile bei tano zilizosomwa mbele yetu ni bei za majengo matano tofauti, na kuzipanga kutoka ya juu hadi ya chini hakutuambii nani ni nafuu.

Nimesikia wengine wakipendekeza kamati imwite huyu wa bei ya chini, wakae naye, waelewane aongeze hiki na kile. Nawasihi wasifanye hivyo. Mkishazungumza na mmoja pembeni, wale wanne wengine hawatawaamini tena, na watakuwa na haki. Kama kuna jambo la kufafanua, liandikwe na lipelekwe kwa wote watano siku moja, kwa maneno yaleyale. Na kama mabadiliko ni makubwa kiasi cha kulifanya jengo kuwa jengo jingine, kama ninavyoamini ndivyo ilivyo, basi zabuni ifutwe na itangazwe upya ikiwa na mchoro kamili na jedwali la vipimo ambamo kila mzabuni anaandika bei ya kila kazi mstari kwa mstari. Najua hilo litatuchelewesha. Najua pia watu wamechoka kuona mali ya manispaa ikilala uani. Mimi nimelala na ufa wa sakafu miaka 18, najua lipi ni refu.

Kuhusu huyu wa bei ya chini, simhukumu. Bei inaweza kushuka kwa sababu njema kabisa. Pengine mitambo ni yake na hakodi, pengine mbao za kushikilia zege linapomwagwa amebaki nazo kutoka kazi iliyopita, au mafundi wake hawakai kitako wakisubiri vifaa. Aulizwe tu, naye aonyeshe. Hili halitakuwa jambo geni: sheria ya manunuzi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, katika kifungu cha 69, inazitaka mamlaka zimtake mzabuni aeleze bei inayoonekana kuwa ya chini kupita kiasi kabla ya kuamua. Akieleza vizuri, anaendelea. Asipoweza kueleza saruji yake ataipata wapi kwa bei hiyo, tumeshajua atapunguza nini. Na huyu wa juu naye asidhaniwe kuwa bora kwa sababu tu ameandika tarakimu kubwa.

Kisha waende wakayaone majengo yao. Sisemi picha, sisemi barua za shukrani zilizobandikwa nyuma ya kabrasha. Waende kwa miguu yao kwenye ghala ambalo kila mzabuni alilijenga miaka mitatu au minne iliyopita, na wakifika wasimuulize mkurugenzi. Wamtafute mwenye funguo. Wamuulize maji yanaingilia wapi. Yeye hatahitaji kufikiri. Waangalie chini ya ukuta kama kuna mstari wa unyevu, waangalie sakafu mahali mizigo mizito inapokaa, waangalie bawaba za mlango kama zimelegea. Wakiweza kwenda siku ya mvua, ndiyo siku bora kuliko zote.

Mkandarasi akishapatikana, kazi ya manispaa haijaisha. Nimewaona mafundi wakiongeza maji kwenye zege ili liteleze vizuri kwenye toroli, na kila ndoo inayozidi inaondoa nguvu. Nimeliona jamvi lililomwagwa asubuhi na kuachwa juani bila kumwagiliwa hata mara moja. Awepo mtu wa manispaa siku ya kumwaga zege, sampuli zichukuliwe palepale, zipelekwe kupimwa siku ya 7 na ya 28 kama ilivyo desturi ya uhandisi, na malipo ya sehemu hiyo yasubiri majibu. Sehemu ya fedha ishikiliwe hadi kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiishe, na kipindi hicho kiwe kirefu cha kutosha kupitia msimu mzima wa mvua. Haya wahandisi wanayajua kuliko mimi, sitaendelea nayo.

Ombi langu jingine ni dogo. Kabla mchoro mpya haujatiwa saini, aitwe mtunza stoo wa sasa akae mezani pamoja na mhandisi na mkadiriaji majenzi, yule anayepiga hesabu za vifaa na gharama. Aulizwe mzigo mrefu kuliko yote aliowahi kupokea una mita ngapi, gari linaloleta linageukia wapi, kipi kinatoka kila siku na kipi kinatoka mara moja kwa mwaka, rangi na mafuta anavitenga vipi na vitu vinavyoshika moto. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuulizwa hata mara moja. Nilikabidhiwa funguo na leja, nikaambiwa nitie saini kwamba nimelipokea jengo likiwa katika hali nzuri, nami nikatia saini, maana siku ile lilikuwa limepakwa rangi na lilipendeza.

Vipimo vya mizigo yote niliyowahi kupokea ninavyo bado katika daftari langu, urefu, uzito na namna tulivyoipanga. Mhandisi wa manispaa akivihitaji, nitampelekea daftari lenyewe siku yoyote atakayonipangia, kabla kamati haijakaa.

Mtunza stoo mstaafu