Makofi si kipimo cha masikio

Mhariri,

Mtoto aliyepona saratani akianza kuuliza "nini?" kila mara, tafadhali asiitwe mkaidi. Huenda ni sisplatini, dawa ya saratani aliyotibiwa nayo. Dawa hii huua seli za vinyweleo ndani ya sikio, ikianza na zile za sauti nyembamba, na zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo kumpima usikivu kwa kupiga makofi nyuma yake hakutoshi: atageuka, kwani makofi yana sauti nzito pia, ilhali s, f na th zinampita. Anasikia unaongea, haelewi ulichosema.

Apimwe kwa odiometa, mashine ya kupima usikivu, hadi hezi 8,000, yaani sauti nyembamba sana: kabla ya dozi ya kwanza, katikati ya mizunguko ya tiba, kisha kwa miaka kadhaa, maana usikivu unaweza kuendelea kushuka hata tiba ikiisha. Walio chini ya miaka 5 wako hatarini zaidi, pamoja na waliopigwa mionzi kichwani au kupewa antibiotiki ya jentamaisini. Mtoto mdogo hupimwa akiwa amelala, kwa mashine inayosoma mwitikio wa neva na ubongo.

Kinga ipo, na wazazi wengi hawaambiwi! Dawa iitwayo sodiamu thiosalfeti huingizwa mshipani saa 6 baada ya sisplatini kumalizika. Ikitangulia, inaweza kuidhoofisha tiba yenyewe. Marekani iliidhinisha mwaka 2022, kwa watoto wenye uvimbe ambao haujasambaa. Muulizeni daktari kabla ya mzunguko wa kwanza.

Shuleni akae mbele, na mwalimu asiongee huku ameelekea ubaoni. Kifaa cha kusikia kisisubiri alama zishuke.