Jumamosi tunafungua lenzi ya kamera, Helios

Habari zenu wapendwa. Jumamosi saa nne asubuhi, palepale. Wageni, tafadhali msije na lenzi ya urithi wa babu. Tunaanza na Helios 44-2, ile ya milimita 58 ya enzi za Usovieti.

Wenye lenzi za Kijapani, tafuteni bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani. Ya nyota ya kawaida huteleza na kula kichwa cha skrubu.

Kabla ya kutenganisha pete ya fokasi, chora alama pale nyuzi zake, zile za kuzungusha kama za skrubu, zinapoachana. Mimi mara ya kwanza sikuchora. Nyuzi zile zina mianzo kadhaa, yaani hushika sehemu nyingi lakini sahihi ni moja tu. Nilihangaika jioni nzima, na lenzi iliporudi haikuona tena vitu vya mbali. Mke wangu bado ananicheka.

Vibati vya tundu la mwanga vikinata mafuta, tunavisafisha kwa petroli ya viberiti, halafu vinabaki vikavu. Msivipake chochote! Kuvu tunaifuta, ila ikishakula utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, kovu halitoki. Na dawa ya meno ya kusugulia kioo siitaki kuiona mezani, jamani.

Leteni pamba za masikio na sahani nyeupe ya kuwekea skrubu.