Usimtajie mtoto tarehe

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuongei. Ukipiga tu mwanao Salimu ameshaidaka, na akiwa pale siwezi kusema ninachotaka kusema. Isome ukishatoka zamu na ukishakula.

Mama, acha kumtajia mtoto tarehe ya kumchukua aje kwako Uingereza. Kwanza ilikuwa baada ya miezi sita, ikaja Idi, sasa umemwambia Juni. Juzi nilimpeleka kwa fundi cherehani apimwe sare ya darasa la pili. Akagoma kunyoosha mikono. "Ya nini, babu? Juni mimi nipo Leicester." Fundi akanitazama, tepu mkononi. Nikamwambia apime hivyo hivyo na aache pindo nene.

Habari nasikiliza, usidhani huku tumelala. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu wa wazee aliyeingia Uingereza haruhusiwi kuchukua mtoto wala mume. Wewe umeondoka Mei mwaka huo huo. Kwa hiyo yule wakala alipokaa barazani kwetu akila maandazi na kuapa kwamba mtoto atafuata, ruhusa ilikuwa imekwisha kufungwa. Nani alimleta nyumbani tusianze kulijadili. Pesa ya shamba la chini ndiyo imeshakwenda.

Ulihesabu miaka 5, nami nikahesabu nawe: 2029 unapata ukaazi wa kudumu, Salimu ana miaka 11, unamchukua. Mei 2025 serikali ya huko ikasema 5 iwe 10. Novemba 2025 akaja waziri wao wa mambo ya ndani, Shabana Mahmood, ambaye wazazi wake wenyewe wana asili ya Pakistan, akasema kwa kazi kama yako iwe 15, hata kwa waliokwisha kuingia. Unaniambia ni mapendekezo tu. Haya. Lakini 15 ni mwaka 2039, Salimu ana 21, na kwa sheria zao akishavuka 18 si mtoto tena wa kuombewa. Binamu yako wa Maskati maisha yake magumu, ila hilo hakudanganywa. Oman mkataba ukiisha unarudi, na watoto wake wanalijua tangu siku ya kwanza.

Sisemi urudi. Watu hapa Muheza wakiniuliza habari zako najibu kifua mbele. Yule bibi unayemwogesha, anayekuita kwa jina la binti yake, nimemsimulia hata imamu. Kinachoniuma ni kwamba una stashahada ya uuguzi imelala sandukuni. Muuguzi aliyesajiliwa huko na akapata kazi ya uuguzi anaruhusiwa kuleta mtoto, mhudumu haruhusiwi. Umeniambia mwenyewe mitihani ipo: wa Kiingereza, wa kompyuta na wa vitendo. Halafu unasema umechoka. Zamu ya saa 12 mfululizo inachosha, nakubali. Na chuoni ulikuwa unasema umechoka, ukafaulu ukiwa umechoka hivyo hivyo.

Na usigombane na mwajiri kabla hujapata mwingine. Serikali ikimfutia leseni ya kuajiri wageni mnapewa siku 60 mtafute pa kwenda, na wenzako wawili umeniambia yamewakuta. Akikukata mshahara, andika tarehe na utunze karatasi.

Likizo je? Kutoka nje hakuharibu hesabu ya ukaazi, mradi usizidishe siku 180 ndani ya miezi 12. Njoo wiki tatu. Hilo ndilo la kumwambia Salimu, tena ukiwa umeshakata tiketi. Kabla ya tiketi, kimya. Akikuuliza lini utamchukua, mwambie hujui. Atalia. Mimi na bibi yake tupo, tutambembeleza. Tusichoweza ni kumwona anaaga wenzake darasani kila muhula halafu anarudi kukaa nao.

Mambo ya kuchukua pasi yao tutayaongea wakati wake. Kumbuka tu kwamba Tanzania mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili, na asiye raia kumiliki ardhi hapa ni mtihani. Nimebakiwa na shamba moja.

Mama yako presha imeshuka lakini chumvi hataki kupunguza. Walanguzi wamekuja kutaka machungwa yangali mtini, kwa bei ya matusi, nimewafukuza. Jikoni panavuja pale juu ya mafiga, na hela ya bati ndiyo niliyomlipa fundi wa sare. Viatu ulivyomnunulia usivitume, sasa anavaa namba 33, mpe mtu huko. Ukituma chochote usipitishe kwenye laini ya Hamisi, imefungiwa na bado hajaenda kuishughulikia, unamjua. Tuma kwa mama yako.

Ni mimi baba yako.